Mgeni Aliyemuulizia Fide

Harufu ya rangi ya mafuta inanikera mpaka leo. Juzi mwenye nyumba wangu alipaka milango ya vyumba vyote, nami nikashinda nje nimekaa kwenye ngazi kama mtu aliyefukuzwa. Kichwa hakikuwa kinaniuma. Ni kwamba harufu ile hunirudisha nyumbani kwetu Katindiuka, Ifakara, kwenye ile Pasaka ambayo baba alipaka buluu kila kitu kisichoweza kukimbia. Alipaka mlango wa mbele, madirisha, mlango wa choo, kigoda cha mama, na bawa la bata mmoja aliyepita karibu wakati mbaya. Tulikuwa tunasubiri mgeni kutoka ng'ambo.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa bwana shamba, na miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amepelekwa Vietnam kwa miezi kadhaa kujifunza kilimo cha mpunga. Huko alifanya urafiki na mtaalamu mwenzake aliyeitwa Tuan. Sisi tulimwita Tuani. Baba aliporudi waliendelea kuandikiana kwa simu, na sasa Tuani alikuwa amekuja Dar es Salaam kwa mkutano. Kwa kuwa ofisi zilifungwa tangu Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka, akasema hawezi kukaa hotelini siku zote hizo wakati ana rafiki Ifakara.

"Siku nne tu," baba alisema.

"Siku nne," mama alijibu. Alikuwa anapeta mchele. "Na wewe umemwambia tuna nini?"

"Nimemwambia tuna nyumba na watoto."

Mama aliacha kupeta. Alimtazama baba kwa muda, halafu akaendelea, lakini kwa nguvu kiasi kwamba chuya na mchele vyote vilimwagika. Mimi niliona kuku tu, jinsi walivyokimbilia.

Wiki ile yote ilikuwa ya kunionea. Kitanda changu kilikuwa cha mgeni. Mimi nikapewa mkeka chumbani kwa wazazi, nikasikiliza baba anavyokoroma. Chandarua kipya kilikuwa cha mgeni. Chupa ya chai isiyovuja, ya mgeni. Ndoo zilikuwa tatu na zote zilitakiwa zijae kabla sijaenda shule, kwa sababu mama alikuwa amesikia kwamba watu wa ng'ambo huoga mara tatu kwa siku. Nilifagia uwanja, nikalisha bata, nikaokota makuti, nikafagia tena kwa sababu bata wale wale walikuwa wamepita. Kila nilipokaa chini nilisikia, "Skola!"

Hapa ndipo ninapopaswa kueleza habari za kaka yangu. Aliitwa Fidelis, tukamwita Fide, na alinizidi miaka mitatu. Zamani kazi zile tulizigawana: siku moja yeye maji mimi uwanja, siku ya pili tunabadilishana. Halafu nilipokuwa na miaka mitano shangazi aliniomba nikakae naye Uchindile, na nikiwa huko Fide akapata homa. Mimi sikuona kitu. Sikuiona homa, sikuuona msiba. Niliporudi baada ya miezi, nguo za Fide hazikuwapo kwenye kamba na hakuna aliyelitaja jina lake. Nilipouliza, mama alisema, "Fide ametutangulia." Jirani mmoja alisema, "Mungu amemchukua, yuko mahali pazuri." Basi. Kutangulia nilikujua. Kila tulipokwenda shambani Fide alitangulia mbio, akatusubiri kwenye kalavati huku amekalia jembe. Na majirani waliokuwa wakimwita mama "Mama Fide" wakahamia kwa pamoja kwenye "Mama Skola", nami nikaona ni haki kabisa, maana mimi ndiye niliyebaki nafanya kazi.

Sisemi kwamba sikujua kitu. Shuleni nilikwisha kusikia habari za kufa, nilikwisha kuona majeneza yakipita. Lakini mtoto anaweza kujua jambo na asilijue, kama unavyojua kwamba kuna mamba mtoni na bado unaingiza mguu. Kaburi la Fide sikuwahi kuonyeshwa. Nilipoomba, mama alisema siku nyingine.

Sasa, Alhamisi jioni, baba aliniita nyuma ya nyumba alipokuwa anaosha brashi kwa mafuta ya taa.

"Skola. Mgeni akikuuliza Fide yuko wapi, sema yuko Mchombe kwa bibi."

"Yuko Mchombe?"

"Wewe sema hivyo."

Mama alikuwa jikoni, hatua nne kutoka tulipo, mgongo umetuelekea. Nilimsubiri. Nyumbani kwetu baba alikuwa hawezi kukosea kitu mama asimsahihishe, iwe bei ya chumvi au jina la mtakatifu wa siku ile. Akisema Jumanne, mama anasema Jumatano. Nilisubiri aseme, "Baba Skola, unamwambia nini mtoto?" Mama alikoroga mboga.

Basi nikaamini. Na cha kwanza nilichokisikia moyoni haikuwa furaha, ilikuwa hasira. Miaka minne! Miaka minne nateka maji ya watu wawili, nafagia uwanja wa watu wawili, na yeye yuko Mchombe kwa bibi anatafuna miwa! Ndiyo maana bibi hajaja kututembelea muda wote ule. Ndiyo maana walisema mahali pazuri. Kwa bibi Mchombe ni pazuri kweli, kuna mapera.

Mgeni alifika Ijumaa Kuu mchana, amekaa nyuma ya pikipiki ya baba, matope mpaka kwenye miwani. Watoto wa Katindiuka wote walikuwa nyuma yao wakiimba "Mchina! Mchina!" na baba akawa anageuka kila baada ya hatua mbili kupiga kelele, "Mvietnamu!" Mwishowe sauti ikamkauka, akaacha.

Tuani alikuwa mtu mwembamba, mwepesi, anacheka kabla hajasikia kinachosemwa. Maneno ya Kiswahili aliyofundishwa na baba hayakuzidi kumi, na alikuwa ameamua kuyatumia yote siku ile ile. Alimfuata mama kwa mikono miwili imenyooshwa.

"Shikamoo! Mama Fidelis!"

"Abee," mama aliitika. Lilimtoka tu, kwa sauti ya zamani, na nilimwona anashtuka kama mtu aliyeitikia mwito wa chumba kingine. Akamkaribisha mgeni haraka haraka, akaingia jikoni, akakata vitunguu vingi kuliko samaki waliokuwapo.

Tuani akanigeukia mimi. Akainama. "Shikamoo!"

"Marahaba," nikajibu, kwa sauti ya mtu mzima.

Vidole vya baba vilinifinya sikio kabla sijamaliza. "Unaitikia shikamoo ya mtu mzima?"

"Kaniamkia mwenyewe!"

Alimwamkia kila mtu. Aliwaamkia watoto wachanga mgongoni kwa mama zao. Aliwaamkia bata. Baba alimweleza kwa Kiingereza kwamba ile ni salamu ya mdogo kwa mkubwa. Tuani alicheka, akakubali, na dakika hiyo hiyo akamwamkia binti wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Yule binti akakimbia bila chumvi.

Halafu zikaja zawadi. Mama alipata kitambaa cha kijani, mimi nikapata koti la mvua la manjano lililonifika kwenye vifundo vya miguu. Kisha Tuani akatoa njumu, viatu vyeusi vya mpira wa miguu vyenye kamba nyekundu, vipya kabisa, vimejazwa karatasi ndani. Alizishika kwa heshima, akatazama huku na huku.

"Fidelis," alisema. "Fidelis wapi?"

Baba alikuwa anafunga kamba ya kiatu chake ambayo haikuwa imefunguka. Mama alikuwa mlangoni ameshika sahani. Na mimi, ambaye nilikuwa nimekwisha kufinywa mara moja, nikasema kwa sauti safi kama ya kujibu swali darasani, "Yuko Mchombe. Kwa bibi."

"Ah! Mchombe." Tuani alifurahi kama ameambiwa Fide yuko Ulaya. Akaziweka njumu kando ya redio, na hapo zikakaa siku nzima zikinitazama. Zilikuwa kubwa, za mtu wa miaka kumi na miwili. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amefanya hesabu: mtoto aliyeonyeshwa na baba kwenye picha akiwa na miaka saba, asiye na meno ya mbele, sasa mguu wake utakuwa kiasi gani. Wakati ule nilichoelewa ni kwamba koti langu halikuwa na kamba nyekundu.

Mama alikuwa ameamua kwamba mgeni wa ng'ambo hapewi wali. "Wali anakula kila mtu," alisema. Kwa hiyo Ijumaa alimpikia tambi na samaki. Jumamosi asubuhi mkate na mayai, mchana chipsi alizokaanga mwenyewe, zikalegea. Tuani alikula kila kitu kwa adabu, akisema asante kila baada ya tonge, huku macho yake yakitoka nje ya dirisha, yanavuka bustani, yanatua kwenye majaruba ya mpunga. Alikuwa mtu wa mpunga tangu kuzaliwa, amekuja kwenye bonde la mpunga, na anapewa viazi.

Jumamosi hiyo hiyo alitupeleka shambani. Nasema alitupeleka, maana yeye ndiye aliyetangulia. Aliingia kwenye jaruba la jirani bila kuomba, mvua inanyesha, suruali amekunja, akang'oa shina moja la mpunga, akaanza kuhesabu machipukizi. Baba naye akaingia, akang'oa lake. Wakabishana. Walibishana muda mrefu kiasi kwamba mimi, niliyebeba chupa ya chai na vikombe, niliona maji yanapanda kwenye mtaro na kushuka tena. Mwenye shamba alikuja na panga kuona nani anamng'olea mpunga, akabaki naye akitoa maoni. Nilimchukia kila mmoja wao.

Tuliporudi Tuani alipotea. Tulimkuta jikoni nyuma, amechuchumaa mbele ya sufuria yetu sisi watu wa nyumbani, anakula wali na samaki wa kitoga kwa mkono. Mchuzi ulikuwa unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alimtazama mama kama mtu aliyefumaniwa.

"Mpunga," alisema kwa unyenyekevu.

"Huo ni wali," mama alimsahihisha. Akacheka. Akamwongezea. Nilishangaa kumsikia akicheka; mpaka leo nakumbuka kwamba ulikuwa mcheko mfupi, kama mtu anayejaribu kiti kama kinabeba.

Lakini kila saa, swali lilirudi. Tuani alikuwa anaangalia picha ukutani: Fidelis wapi? Alikuwa ananiona nateka maji: Fidelis Mchombe? Fidelis darasa? Baba alimjibu hilo la mwisho kwa Kiingereza, na mimi nikasikia namba ya sita. Darasa la sita. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Ilikuwa sawa kabisa. Kwa hiyo na shule anasoma huko huko!

Pasaka yenyewe tulikwenda kanisani wote wanne. Tuani alipiga makofi mahali pasipopigwa makofi, na watu wa benchi la mbele waligeuka wote. Mchana tulikula pilau. Alipomaliza, alinyoosha mgongo, akamwambia baba kitu, kisha akatutafsiria sisi kwa maneno yake machache:

"Kesho. Mchombe. Pikipiki. Fidelis!"

"Barabara mbaya," baba alisema, akarudia kwa Kiingereza. Tuani alionyesha mabuti yake. Baba akasema mvua. Tuani akaonyesha koti langu la manjano, ambalo nadhani alitaka kuliazima. Baba alifuta jasho. Akasema jambo jingine, refu kidogo, na uso wa Tuani ukaingia huzuni.

"Umemwambia nini?" mama aliuliza.

"Nimemwambia bibi anaumwa. Hataki wageni."

Mama aliweka mwiko chini. "Sasa unamfanya mgonjwa na mama yako mzazi," alisema polepole. "Baba Skola, utaishia wapi?" Akainuka, akatoka nje, na hatukumwona mpaka jua lilipoegemea milimani.

Nilikaa na hilo neno. Bibi anaumwa! Hata hili sikuambiwa. Kwa hiyo Fide yuko huko anamhudumia bibi mgonjwa peke yake, au hahudumii mtu, anacheza mpira pekupeku. Na keshokutwa, Jumanne, mgeni ataondoka, na njumu zitabaki kando ya redio, na mimi nitaambiwa nizifute vumbi. Nilichoka. Sijui kama watoto wa miaka tisa huruhusiwa kuchoka namna ile, lakini nilichoka na watu wazima wote waliokuwa mle ndani. Kama wao hawawezi kumleta Fide, nitamleta mimi.

Jumatatu asubuhi nilitumwa maji. Niliziacha ndoo kisimani. Nilivaa koti langu la manjano, nikaficha njumu chini yake, moja kila kwapa, nikashika njia ya mjini. Mpaka stendi ni mwendo wa kutosha kwa miguu ya mtoto, na matope yalinivua ndala mara mbili. Nauli sikuwa nayo. Nilipanga kumwambia kondakta kwamba bibi atalipa.

Mkabala na magari ya Mlimba, yanayopita Mchombe, palikuwa na duka la Mzee Abubakari, ambaye mama alinunua kwake kila kitu, kuanzia vitambaa mpaka viberiti. Watu wake walitoka pwani zamani, na alikuwa na tabia ya kukaa barazani kutazama nani anasafiri. Nilijaribu kupita nimejificha kwenye kofia ya koti. Koti la manjano halimfichi mtu.

"Binti wa bwana shamba! Hujambo? Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Sijambo. Shikamoo, mzee. Nakwenda Mchombe."

"Marahaba. Na nani?"

"Peke yangu. Namfuata kaka yangu Fide. Mgeni amemletea viatu." Nikamwonyesha. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kwanza siku zile aliyeniuliza kitu na kusubiri jibu, nikamwambia yote: kwamba miaka minne nafanya zamu yake, kwamba bibi anaumwa, kwamba barabara si mbaya hata kidogo, ona magari yanakwenda.

Mzee Abubakari hakucheka. Alinishika bega, akaniketisha juu ya gunia la sukari, akanifungulia soda.

"Unamjua Fide?" nilimuuliza.

"Namjua," alisema. "Namjua sana." Akachukua simu, akaingia ndani kuongea. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoambiwa kwamba yeye ndiye aliyekata kitambaa cheupe cha kumzikia Fide, na alikataa kupokea fedha.

Pikipiki ilikuja. Baba mbele, Tuani nyuma, wote hawana kofia. Baba alishuka kabla haijasimama vizuri.

"Skola! Unataka kuniua?"

"Wewe ulisema yuko Mchombe!" Nilisimama juu ya gunia. Sikuwahi kumpigia baba kelele kabla ya siku ile. "Wewe ulisema! Basi twende tukamchukue! Zamu yake! Na hii wiki yote ni zamu yake!"

Watu wa stendi waligeuka. Tuani, maskini, alikuwa amesikia maneno mawili anayoyajua. Uso ukamng'aa. Akampiga baba begani.

"Ndiyo! Mchombe! Fidelis! Twende!"

Na akaanza kupanda tena pikipiki. Alikwisha kupitisha mguu mmoja. Baba alimshika mkono akamzuia. Mzee Abubakari alikuwa mlangoni, akasema kwa upole, "Bwana shamba, hapo ulipofika hapana pa kupita. Sema."

Baba alisema. Alisema kwa Kiingereza, macho yako kwenye tangi la mafuta la pikipiki, maneno machache sana. Mimi nilikuwa nasikia jina la Fide tu. Nikamwona Tuani akirudisha mguu wake taratibu mpaka chini. Akauliza kitu. Baba akaonyesha vidole vinne.

Nilidhani atalia. Alikasirika. Alimpigia baba kelele kwa lugha ambayo hata baba hakuijua, mishipa ya shingo imemtoka, kisha akageuka akaondoka kwa miguu, katikati ya barabara, mvua inamnyeshea. Baba alimfuata akisukuma pikipiki, akiita "Tuani! Tuani!" Walikwenda mpaka karibu na darajani, nikawaona wamesimama wanatazamana. Soda yangu ilikuwa imeingia maji ya mvua.

Waliporudi wote wawili macho yalikuwa mekundu.

"Anasemaje?" niliuliza. Sikuwa tayari kuachwa nje tena.

Baba alichuchumaa. "Anasema nimemnyima. Anasema angejua angelia na mimi, sasa ananikuta nimekwisha kulia bila yeye. Hajui kwamba hata mimi sijalia, Skola. Fide hayuko Mchombe. Fide alikufa. Nilikuacha uamini uongo."

"Kwa nini ulimdanganya?"

Alifikiri sana. Namshukuru kwa hilo, hakunijibu jibu la mtoto. "Hapa hakuna mtu anayelitaja jina lake. Yeye tu. Kila akiniandikia anauliza, Fidelis hajambo? Amekuwa mrefu? Nikawa najibu, hajambo, amekuwa mrefu. Sikupata siku nzuri ya kuacha."

Tulirudi nyumbani watatu kwenye pikipiki moja, njumu mapajani mwangu. Mama alikuwa uwanjani, amezipata ndoo kisimani, amejua. Baba alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. "Anataka kwenda kumwona," alisema.

"Na wewe?"

"Na mimi. Na Skola."

"Miaka minne umemfuga mwanangu kwenye simu," mama alisema. Alisema bila kupaza sauti, na baba alirudi nyuma hatua moja kama amesukumwa. Kisha mama akachukua upande wa kanga, akajifunga kichwani, akatangulia.

Makaburini nyasi za masika zilikuwa zimenifika kiunoni. Baba alisimama kwenye njia, akatazama kulia, akatazama kushoto, nikaona kwamba hajui. Hakuwahi kurudi tangu siku ile. Mama alipita katikati ya majani bila kusita, akakata kona mbili, akasimama. Pale hapakuwa na jani hata moja. Udongo ulikuwa umefagiwa, kingo zimepangwa mawe, na maua ya manjano yamepandwa kichwani. Nikaelewa mahali alipokuwa anakwenda kila aliposema anakwenda kuchuma mlenda.

Baba alipiga magoti kwenye tope. Tuani akapiga magoti kando yake. Walilia kwa sauti wote wawili, na mama alisimama juu yao mikono imefungwa kifuani, kama mtu aliyefika mapema kwenye mkutano na sasa anawatazama waliochelewa. Mimi nilimuuliza kitu ambacho bado naona aibu kidogo kukiandika.

"Kwa hiyo hatafanya zamu yake tena?"

Mama alinitazama. Midomo ilimcheza. Akanikumbatia na koti langu lote, akanibana mpaka nikakosa pumzi, na hapo ndipo naye alipolia.

"Hatafanya, mama," alisema. "Tutafanya wote."

Mchana ule alipika wali, bakuli kubwa, na perege wa kukaanga, tukala wote wanne kwenye mkeka. Tuani aliuliza, kwa njia ya baba, kaka yangu alikuwa mtu wa namna gani. Baba alianza kueleza: alikuwa mtoto mpole, alikuwa anaogopa mbwa.

"Nani anaogopa mbwa?" mama aliuliza, tonge limesimama hewani.

"Fide."

"Fide hakuogopa mbwa hata siku moja! Aliogopa jogoo."

"Mbwa. Yule wa fundi cherehani alimkimbiza mpaka akapanda juu ya banda."

"Fundi cherehani hakuwa na mbwa, Baba Fide. Alikuwa na jogoo. Wewe ulikuwa Mlimba wiki hiyo, umejuaje?"

"Nilikuwepo!"

"Hukuwepo!"

Tuani alikuwa anageuza kichwa huku na huku, akisubiri mtu amtafsirie, na hakuna aliyekuwa na nafasi. Sauti zilipanda. Jirani alichungulia uani kuona kuna nini. Mimi nilikaa katikati yao na sahani yangu, nikichambua miba, nikiwasikiliza wazazi wangu wakigombana kuhusu mtoto wao, kama wazazi wote wa Katindiuka walivyogombana kila siku kuhusu watoto wao.